Betri Iliyoitwa Nakori

Ukifika Kakuma ukaambiwa kwamba mama yake Ekwam aliuawa na chaja ya Msomali, usimwamini anayekuambia. Mwambie afunge mdomo, na kama hataki, mlete kwangu. Mimi ni Lopeyok, fundi mwenzake Ekwam. Tumepanda mapaa pamoja tangu Lodwar, na hapa Kakuma nyumba yangu na yake zilitenganishwa na ua wa miiba tu. Zubeyr hana hatia. Tena katika mambo yote haya, Zubeyr ndiye aliyesema ukweli mapema kuliko wote.

Ekwam ni mtu mrefu na mkimya, anayetembea kana kwamba anafuata mbuzi hata akiwa katikati ya soko. Alizaliwa upande wa Lorugum, na mpaka anaota ndevu hakuwa amewahi kushika nyundo. Kilichomtoa huko ni ukame. Familia yao ilihama kutafuta maji, na njiani wanyama wakawa wanaanguka. Kulikuwa na mbuzi jike aliyeitwa Nakori kwa sababu ya madoa yake, ambayo yalifanana na ya twiga. Alikuwa wa Ekwam mwenyewe, mama yake alimpa angali mtoto. Siku Nakori aliposhindwa kuinuka, baba alisema aachwe. Ekwam akamlaza chini ya kichaka, akamwekea majani karibu na mdomo, akaondoka bila kugeuka nyuma.

Mvua ilipokuja kurudi, walimkuta Nakori kwenye boma la watu wengine. Alikuwa mzima, amenenepa, na watoto wawili wanamnyonya. Watu wale walimpita pale kichakani, wakaona bado anapumua, wakambeba. Sasa alikuwa mbuzi wao, na kwa haki alikuwa wao. Ekwam akarudi nyumbani mkono mtupu, na jambo hilo likamkaa rohoni kama mwiba uliokatikia ndani.

Mwaka uliofuata mvua ikakosa tena, na safari hiyo aliyeshindwa kuinuka alikuwa mama yake, Akaale. Mguu ulikuwa umevimba, mwili unawaka homa, na wenzao wa safari wakaanza kunong'ona kwamba mama huyu hafiki popote, afadhali aachwe kwenye boma la jamaa apumzike. Kila mtu alijua maana ya kupumzika. Ekwam hakubishana nao. Alimweka mama yake mgongoni, akamfunga kwa shuka, akatembea naye hadi barabara kuu, na dereva mmoja wa lori la samaki kutoka Kalokol akawachukua hadi Lodwar. Akaale akapona. Mguu ulibaki umekunjamana, akawa anajivuta kwa matako, lakini alipona, akaishi, akacheka na kugombana na watu kama kawaida yake.

Kwa hiyo usimcheke Ekwam haraka. Mimi nilimcheka kwa miaka, kisha nikaelewa. Maisha yalikuwa yamemfundisha somo lile lile mara mbili: alichokiacha kinapumua kilipona mikononi mwa wengine, na alichokataa kukiacha kilipona mikononi mwake. Ungekuwa wewe, ungeamini nini?

Ufundi wa paa aliujifunzia Lodwar, na tulipokutana alikuwa tayari ana drili yake ya betri, ile ya kufungia skrubu kwenye mabati bila waya. Alikuwa na betri mbili. Sisi wengine tunatumia betri kama punda wa kuazima. Ukiwa juu ya bati mchana wa Turkana, drili yenyewe inakuchoma kiganja, na betri ikitoka hapo imechemka. Ukiichomeka kwenye chaja vile vile ilivyo, unaiua taratibu. Sote tulijua hivyo na sote tulifanya hivyo, kwa sababu msimamizi yuko chini anapiga kelele.

Ekwam hakuwahi kufanya hivyo. Alishuka na betri yake, akaiweka kivulini juu ya ekicholong yake, kile kigoda ambacho mwanamume wa Kiturkana hukikalia mchana na kukilalia kichwa usiku, na yeye mwenyewe akaketi mchangani. Betri kwenye kigoda, mtu chini! Kila baada ya muda aliiinua akaiweka shavuni, kama mama anavyompima mtoto homa. Ikipoa ndipo alipoipeleka kuchajiwa. Drili ikianza kuishiwa nguvu, aliitoa betri hata kama skrubu imeingia nusu, kwa maana hakutaka ifike mwisho kabisa. Vile vyuma vya kupitisha moto alivisugua vumbi kwa mswaki wake wa kijiti cha mti wa esekon. Msimu usio na kazi alizihifadhi ndani ya nyumba, zimefungwa kwa kitambaa, zikiwa na chaji nusu, na mara moja moja alizifungua akazitazama. Nilimwambia kwamba akiendelea hivyo atazipeleka malishoni. Akacheka. Moja ya betri hizo ilikuwa imemwagikiwa rangi, ikawa na madoa, na hiyo ndiyo aliyoiita Nakori.

Kazi ilipotuleta Kakuma, alikuja na mke wake Abei na mama yake, wakajenga nyumba ya makuti ya mkoma upande wa Lopur, jirani yangu. Tulikuwa tunaezeka nyumba za wakimbizi na vyumba vya madarasa. Msimamizi wetu, mtu wa kutoka mbali ambaye jua la hapa lilimtia hasira ya kudumu, alikuwa na sharti moja: kila fundi aje na mashine yake na betri mbili, moja ikifanya kazi nyingine iwe kwenye chaja. Mwenye betri moja anasimama nusu ya siku, na yeye hataki watu wa kusimama. Wenye kutaka kazi walikuwa wamejaa nje ya uzio, wanatuangalia tunavyopanda na kushuka. Ekwam alikuwa na vinywa viwili vya kulisha nyumbani ukiacha chake, na hakuwa na mbuzi hata mmoja. Betri mbili zile ndizo zilizosimama kati yake na kurudi kupanga foleni ya msaada.

Basi siku moja upepo ukanyanyua bati ambalo halijafungwa. Bati likaipiga drili mkononi mwa Ekwam, drili ikaruka hadi chini kwenye mawe, na betri iliyokuwa ndani yake ni Nakori. Ganda lilipasuka ubavuni. Ekwam akalifunga kwa mpira wa tyubu, na betri ikaendelea kufanya kazi. Haikupita muda mvua kubwa ikanyesha huko juu, mto Tarach ukajaa, njia zikakatika, na kazi ikasimama. Drili zetu zilikuwa stoo, na mwenye ufunguo wa stoo alikuwa Lodwar, hawezi kuvuka. Nakori ikakaa humo gizani bila chaji majuma na majuma. Ekwam alikuwa akienda kila siku kusimama mlangoni kwa stoo, anatazama kufuli. Mimi nilidhani ni wazimu. Sasa naona alijua kinachotokea ndani.

Stoo ilipofunguliwa, ile betri yake nyingine, iliyokuwa nzima, iliamka. Nakori haikuamka. Ukiiweka kwenye chaja, taa nyekundu inapepesa, inapepesa, chaja inaikataa.

Sote tulikuwa tunachaji kwa Zubeyr, Msomali mwenye duka kwenye soko la kambi. Anavuta umeme wa jenereta, na ukutani ana rafu ndefu ambapo betri za mafundi zinakaa zimepangana, kila moja na chaja yake, feni ikizipulizia. Ni mtu msafi, mkali kwa mambo yake, na haruhusu sigara karibu na rafu hiyo. Ekwam akampelekea Nakori. Alikuwa ameshaiamsha kwa nguvu, akitumia waya mbili kuvuta moto kutoka kwenye ile betri nzima, ujanja ambao mafundi wa simu wa Lodwar walimfundisha. Taa moja ilikuwa imewaka.

Mimi nilikuwepo. Zubeyr aliigeuzageuza, akapitisha kidole pale penye ufa, akainusa. Kulikuwa na harufu tamu, kama peremende iliyoungua. Ubavu ulikuwa umeanza kuvimba chini ya ule mpira.

“Ndugu yangu, hii imekufa,” akasema. “Chaja ilikataa kwa sababu iko na akili. Mimi pia nakataa. Siwezi weka hii kwa duka yangu.”

“Bado inapumua,” Ekwam akasema.

“Wallahi, hiyo ndiyo mbaya. Ile imekufa kabisa haina shida. Hii iko nusu, itakula mtu. Enda nayo Tarach, chimba mbali na watu, zika.”

Akamrudishia. Ekwam akaipokea kwa mikono miwili, akatoka. Nilimfuata, nikamwambia Zubeyr amesema kweli. Nilitamani kumpa betri yangu moja tuwe tunapokezana, lakini drili yangu ni ya kampuni nyingine na betri zake haziingii kwenye ya kwake. Puok, fundi mwenzetu kutoka Sudan Kusini, ndiye aliyekuwa na drili ya aina moja na ya Ekwam, na Puok alikuwa na mbili zake tu, za kumfikisha jioni. Msimamizi alikuwa ameshauliza, mbele ya watu, betri ya pili ya Ekwam iko wapi. Alimpa hadi mwisho wa juma. Baada ya hapo, unga wake ungemwagika.

Ekwam alikwenda Tarach kweli. Alinisimulia mwenyewe. Mto ulikuwa umeshakauka juu, akachimba shimo kwenye mchanga mbali na visima vya akina mama, akaiweka Nakori ndani. Kabla ya kufukia, akabonyeza kile kitufe cha kupimia chaji.

“Lopeyok, iliwaka taa moja,” aliniambia. “Moja tu. Ningefanya nini?”

Nilimwambia angefukia. Akaniangalia kana kwamba nimemwambia azike mtu. Nilikasirika, nikamwacha nikaenda zangu. Kumbe betri alikuwa nayo mfukoni wakati huo huo, na jioni ile ile ikaingia nyumbani.

Nyumbani alikuwa na paneli ya sola na inveta ndogo, alizoweka ili mama yake apate taa. Hapo ndipo alipoanza kuiuguza Nakori. Asubuhi anaiamsha kwa waya, anaibandika kwenye chaja muda mfupi, ikianza kupata moto anaichomoa, anaiweka kwenye mchanga wa baridi chini ya mtungi. Kesho tena. Abei alisema ile harufu inamtia kichefuchefu. Alimwomba mumewe aitoe nje, na akaomba zaidi ya mara moja. Ekwam akasema nje kuna mbuzi za watu na upepo, na vumbi litaimaliza.

Akaale ndiye aliyefurahi. Mama yule alikuwa amekaa miaka bila mnyama wa kumtunza, na sasa hapo kando ya ngozi aliyolalia kuna kitu kigonjwa kinachohitaji kuangaliwa. Nilikuwa nikimsikia kupitia ua akiisemesha kwa Kiturkana, kama anavyosemeshwa mwanambuzi aliyekataliwa na mama yake. Alimwambia Ekwam asiwe na wasiwasi, aende kazini, yeye yupo.

Kinachoniuma ni kwamba ilipona. Au ilijifanya kupona, sijui niseme vipi. Taa moja ikawa mbili, mbili zikawa tatu. Mwisho wa juma ulipofika Ekwam akaja kazini na betri mbili, akaichomeka Nakori mbele ya msimamizi, na drili ikanguruma kama zamani. Ilifunga skrubu asubuhi nzima. Msimamizi akatikisa kichwa akaenda zake. Mafundi wakampigia Ekwam makofi, na tangu siku hiyo wakawa wanamwita daktari. Sijawahi kumwona akitabasamu vile. Alirudi nyumbani akimwambia kila aliyekutana naye njiani.

Kisha msimamizi akataka madarasa yaishe haraka. Tukawa tunapanda mapema na kushuka giza likikaribia, na Ekwam hakupata tena nafasi ya kuibandika Nakori na kuisubiri. Siku ile aliiacha kwenye chaja asubuhi, akaja kazini na ile nzima, ili mchana aende kubadilisha. Alimwambia mama yake kwamba ikipata moto sana amwambie Abei aichomoe. Abei alikuwepo alipokuwa akisema hayo. Lakini mabomba ya jirani yalikauka, na ilibidi aende bomba la mbali, ambako foleni ilikuwa ndefu. Na hata Abei ni binadamu, nyumba lazima ipate maji.

Tulikuwa juu ya paa mimi na Ekwam. Ukiwa juu ya paa Kakuma unaona mbali, hakuna cha kukuzuia. Upepo ulikuwa mkali, vumbi linakimbia barabarani. Nikaona moshi upande wa Lopur. Nikasema kuna mtu anachoma makaa na upepo huu, watu hawana akili. Ekwam akatazama, akarudi kwenye skrubu yake. Kisha akatazama tena. Sikuona aliposhuka. Nilisikia ngazi ikianguka, na nilipoinama alikuwa tayari yuko mbali anakimbia, drili ingali mkononi.

Makuti ya mkoma yakishika moto na upepo ukiwa nyuma yake, hakuna maji ya kuzima. Majirani walikuwa wamekata ukuta wa nyuma kwa panga na kumvuta Akaale kupitia hapo. Alikuwa hai. Nywele hazikuwepo, na mikono na kifua nisingependa kuvieleza. Ekwam alipofika alimkuta amelazwa mchangani, na jambo la kwanza alilofanya ni kupiga magoti na kuweka shavu lake juu ya mdomo wa mama yake, asikie kama anapumua.

Alimfunga shuka. Akamweka mgongoni kama ile siku ya Lorugum, tukamwambia pikipiki imekuja, gari linakuja, hakusikia. Alitembea naye hadi barabarani na sisi tukimfuata, mpaka pikapu ya mtu mmoja ikasimama.

Akaale hakukata kauli mapema, na katika hospitali alituambia yaliyotokea. Taa ilikuwa nyekundu, kitu kikaanza kulia kama nyoka. Akakigusa kwa shavu, moto. Akamwita Abei, Abei hayupo. Hakuweza kuufikia waya ukutani, mguu wake haukumpeleka. Kwa hiyo akafanya tunavyofanya sisi sote hapa mtungi wa maji ukipata joto na mtoto akipata homa. Alivuta gunia lililolowa kutoka kwenye jeriken, akaifunika nalo betri, akailaza karibu na kifua chake.

“Ilikuwa na homa,” alisema. “Nikaifunika gunia la maji. Ikanyamaza kidogo. Nikajua inalala.”

Alifariki kabla ya jua la siku ya pili kupanda. Ekwam alikuwa amemshika mguu, ule mguu mbaya. Hakulia mbele yetu. Mimi nililia, na sioni aibu kusema.

Tulimzika pale pale uani. Kabla hata udongo haujakauka, maneno yakaanza. Wengine walisema amelogwa. Wengine walisema chaja za Wasomali ni mbovu, wanaleta takataka kutoka bandarini kutuua sisi, na vijana wakaanza kukusanyika mbele ya duka la Zubeyr wakiwa na mawe mikononi. Wengi wao hawajawahi hata kumwona Akaale. Zubeyr alikuwa amefunga mlango, mke wake Iqra na watoto wako ndani. Nikamkimbilia Ekwam nikamwambia. Nilidhani hatainuka, kwa maana tangu mazishi alikuwa ameketi tu ameshika tama. Aliinuka, akaenda, akapita katikati ya watu wale hadi mlangoni kwa duka, akawageukia.

“Huyu alikataa,” akasema. “Aliniambia nizike. Mimi ndiyo nilipeleka nyumbani. Kama ni mawe, mimi niko hapa.”

Hakuna aliyerusha. Wakatawanyika mmoja mmoja, wakinung'unika. Lakini mpaka leo utawasikia wakisema ni chaja ya Msomali. Ni rahisi zaidi kusema hivyo, haimgharimu mtu kitu.

Siku hiyo hiyo Abei alikuwa akichambua majivu, akitafuta kama sufuria zimebaki. Alikuta zile seli za ndani ya betri zimetawanyika, vyuma vidogo vya mviringo, vimepasuka vichwa. Akaziokota zote. Ekwam aliporudi kutoka dukani, Abei akamfungua kiganja, akamwekea zile seli, akamfunga vidole juu yake. Alikuwa ameshasema yote aliyokuwa nayo zamani, na hayakusikilizwa.

Ekwam akarudi kazini, kwa maana njaa haina matanga. Nilikwenda naye kwa msimamizi, nikiwa nimejitayarisha kugombana. Msimamizi alivua kofia, akampa pole, akamwambia aendelee tu na betri yake moja, hakuna neno, watapanga namna. Hata moja ni sawa, alisema. Nilitaka kumshika koo. Kumbe hata moja ilikuwa sawa! Ingekuwa sawa pia mwezi uliopita, na Akaale angekuwa uani anagombana na kuku. Ekwam akamshukuru. Mimi sikumshukuru, na sijamsamehe.

Tangu hapo Ekwam alikuwa akiipeleka betri yake kwa Zubeyr na kuketi mbele ya rafu mpaka taa inageuka kijani. Hakwenda kunywa chai, hakwenda kuongea na mtu. Zubeyr alimletea kiti, akakikataa. Wanaume hao wawili walikaa hivyo siku nyingi, na sidhani walisemezana zaidi ya salamu.

Basi Puok, ambaye hana baya, akamjia mchana mmoja kazini. Betri yake moja ilikuwa imeanza kuchoka mapema, na alikumbuka kwamba Ekwam ni daktari. Nadhani alitaka pia kumrudishia heshima kidogo. Akamwomba aitazame. Ekwam akaipokea kwa mikono miwili, akabonyeza kitufe. Zikawaka taa tatu. Akaiweka shavuni, akakaa nayo hapo muda mrefu, na alipoishusha nami nikaigusa: ilikuwa baridi kabisa, haina ufa, haina harufu. Kisha akaondoka nayo kuelekea Tarach, na sisi tukadhani anatafuta kivuli.

Alirudi mikono imejaa mchanga.

“Iko wapi betri yangu?” Puok akauliza.

“Nimezika.”

“Umezika? Hiyo ilikuwa mzima! Ilikuwa na taa tatu, wewe mwenyewe umeona.”

“Nimeona,” Ekwam akasema. “Bado ilikuwa inapumua.”

Ekwam akaichomoa betri kwenye drili yake, ile nzima, ya mwisho aliyobaki nayo, akaipangusa vumbi kwa mswaki wa esekon, akamwekea Puok mkononi. Puok alijaribu kuirudisha, akashindwa.

Sasa Ekwam anaezeka kwa nyundo na misumari, kama mafundi wa zamani, na anachukua siku mbili kwa kazi ya siku moja. Drili yake ameining'iniza kwenye nyumba waliyoijenga upya, haina kitu. Mchana tukishuka kupumzika, anaiweka ekicholong yake kivulini mahali pale pale alipokuwa akiiweka. Hapandishi kitu juu yake, wala yeye haikalii. Anaketi kando yake kwenye mchanga.